Kila Kichwa na Jina Lake

Mtu wa Kasongo, hapa kwetu Maniema nchini Kongo, anayetaka kupanda treni huvuka kwanza mto Lualaba, kisha huelekea magharibi mpaka Samba. Wa Kabambare ana shida zaidi: hukaa nyuma ya pikipiki kwenye matope na mabonde kabla hata hajauona mji wa Kasongo, na bado mto unamsubiri. Reli watakayoikuta Samba ni moja tu. Ni ile njia ya Kindu hadi Kongolo, kilomita 355, iliyojengwa na kampuni ya CFL ya Baron Empain na kukamilika mwanzoni mwa mwaka 1911. Treni mbili zikitoka pande mbili haziwezi kupishana popote zitakapo. Moja lazima iingie kituoni, kwenye reli ya pembeni, isubiri mwenzake apite. Kwa hiyo kazi nzito ya kituo si mizigo wala tiketi. Ni maneno: kituo hiki kimwambie kile nani anakuja, nani asimame, nani apewe njia.

Naanzia Samba kwa sababu kisa ninachotaka kueleza kinahusu tatizo hilohilo, ila limepunguzwa mpaka linaenea juu ya meza. Huko Ujerumani, Uingereza na Marekani kuna watu wazima kwa maelfu wanaotunza treni ndogo za umeme. Kipimo wanachokipenda wengi ni moja kwa 87. Kwa kipimo hicho upana wa reli ya Samba, milimita 1,067, ungebaki milimita 12 na kitu, na njia yote ya Kindu hadi Kongolo ingekuwa kilomita 4, mwendo wa saa moja kwa miguu. Vichwa vya treni hizo, vingine vyenye umri wa miaka 50 au 60, vinafunguliwa leo na kutiwa chipu ili viongozwe kwa tarakimu. Hapa kwetu mchezo huo si wa kawaida. Lakini elimu iliyo ndani yake tunaishi nayo kila siku, kwenye simu na kwenye umeme wa jua, na sijaona mahali inapoonekana waziwazi kama kwenye tumbo la kichwa kidogo cha treni kilichofunguliwa.

Tuangalie kwanza jinsi vilivyoendeshwa zamani. Treni ya Samba ina dereva ndani yake na mafuta yake. Treni ndogo haina dereva wala betri. Umeme hutoka kwenye kisanduku kilicho pembeni ya meza, unaingia kwenye reli, reli moja chanya na nyingine hasi. Magurudumu ya chuma yanauchukua na kuupeleka kwenye mota. Ukitaka treni iende polepole, unapunguza umeme kwenye reli. Ukitaka iende kasi unauongeza, mpaka volti 12. Ukitaka irudi nyuma unageuza chanya kuwa hasi.

Kwa treni moja, mpango huo hauna kasoro. Weka ya pili juu ya reli ileile, shida inaanza. Umeme haujui kichwa hiki na kile. Ukiwasha, vyote viwili vinaondoka. Ukizima, vyote vinasimama. Watu waliikata reli vipande vipande, kila kipande na swichi yake, wakakaa wakigeuza swichi badala ya kutazama treni zao. Meza kubwa zilikuwa na nyaya chini yake kama mizizi ya mti. Nguvu ilikuwapo ya kutosha. Kilichokosekana ni njia ya kumwita mmoja kwa jina.

Wazee wa Maniema wanalielewa tatizo hilo bila kusoma kitabu. Ngoma ya gogo lililochimbwa, ile yenye mpasuko mwembamba juu na midomo miwili isiyolingana kwa unene, husikika na kila mwenye masikio, kijiji hiki na kijiji kile. Watetela, majirani na ndugu wa Wakusu wetu, wanaiita lokombe. Ina sauti mbili tu, ya juu na ya chini. Mwingereza mmoja, John Carrington, mmisionari aliyekaa Yakusu karibu na Kisangani, alijifunza ngoma za Walokele kwa miaka mingi, na mwaka 1949 akatoa kitabu kueleza zinavyosema. Mpigaji huamsha masikio kwanza. Kisha anamtaja anayeitwa. Kisha anatoa ujumbe, na hautoi kwa mkato: anauzungusha kwa maneno mengi na kuurudia, kwa sababu kwa sauti mbili peke yake neno moja fupi linaweza kufanana na jingine. Wote wanasikia. Aliyetajwa ndiye anayeondoka.

Mafundi wa treni ndogo walichukua muda mrefu kufika mahali ngoma ilipokwishafika. Mwaka 1963 kampuni ya General Electric ya Marekani ilitoa mtambo ulioitwa Astrac. Kila kichwa kilipewa mlio wake wa umeme, na kilisikia mlio huo tu. Vichwa 5 viliweza kwenda kila kimoja kwa mwendo wake, lakini vyombo vilikuwa vikubwa na milio ilikuwa michache. Mwaka 1979 Hornby wa Uingereza walileta Zero 1, iliyotumia tarakimu na kuongoza vichwa 16. Kufika miaka ya 1980 chipu zilikuwa zimepungua ukubwa kiasi cha kuingia ndani ya kichwa kidogo kabisa. Kampuni ya Bernd Lenz, ya Giessen nchini Ujerumani, ilitengeneza mfumo wake kwa ajili ya Märklin na Arnold, na katikati ya miaka ya 1990 NMRA, chama cha wapenda treni ndogo wa Marekani kilichoanzishwa mwaka 1935, kiliuchukua ukawa kanuni ya wote. Naona uamuzi huo ulikuwa na uzito kuliko chipu zenyewe. Kila kampuni ingeweza kuwa na lugha yake, na mwenye kichwa cha kampuni hii asiweze kununua chipu ya kampuni ile. Lugha ilipotolewa bure kwa wote, fundi wa mtaani alipata nafasi.

Sasa tuisikilize lugha yenyewe.

Katika mfumo huu reli hazipunguziwi umeme kamwe. Zina nguvu kamili muda wote, hata treni zikiwa zimesimama, volti 14 hadi 16 kwa treni za kipimo nilichotaja. Kinachobadilika ni upande. Reli ya kulia ikiwa chanya, mara inakuwa hasi, mara chanya tena, maelfu ya mara kwa sekunde. Ujumbe umo katika muda ambao umeme unakaa upande mmoja kabla ya kugeuka. Ikate sekunde moja vipande milioni. Kila kipande kinaitwa mikrosekunde. Umeme ukikaa mikrosekunde 58 upande huu na 58 upande ule, umesema moja. Ukikaa 100 huku na 100 kule, umesema sifuri. Mfupi na mrefu, kama ngoma ilivyo na juu na chini. Nguvu na maneno vinapita katika chuma kilekile, na hakuna waya wa ziada hata mmoja.

Ujumbe unaanza na moja 14 mfululizo. Hizo hazina maana yoyote zaidi ya kusema: tegeni masikio. Baada yake inakuja namba ya anayeitwa, katika tarakimu nane za sifuri na moja. Kichwa kipya hutoka kiwandani kikiitwa 3, na 3 kwa hesabu hiyo huandikwa 00000011. Kisha inakuja amri. Kwa mfano 01110100 inamaanisha nenda mbele, hatua ya 6 kati ya 28 za mwendo.

Mwishoni kunakuja tarakimu nane nyingine, na hizi ndizo ninazozipenda kuliko zote. Ni za ukaguzi. Panga namba na amri, moja juu ya nyingine, uzilinganishe tarakimu kwa tarakimu. Zikifanana, andika sifuri. Zikitofautiana, andika moja. Kwa mfano wetu utapata 01110111. Kichwa kikipokea ujumbe kinafanya hesabu hiyohiyo upya. Jibu lisipolingana na lililotumwa, basi vumbi au kutu kwenye reli kumeharibu neno njiani, na kichwa kinautupa ujumbe wote bila kubahatisha. Hakiombi urudiwe, maana hakihitaji. Kisanduku cha amri hurudia maneno yake bila kuchoka. Ujumbe mmoja huu unachukua chini ya sehemu 8 kati ya 1,000 za sekunde, kwa hiyo zaidi ya jumbe 100 zinapita kila sekunde, kwa kichwa namba 3, kwa namba 7, kwa namba 3 tena. Carrington alieleza kwa nini mpiga ngoma hurudia. Mwaka mmoja kabla ya kitabu chake, 1948, Mmarekani Claude Shannon alikuwa amechapisha hesabu inayothibitisha jambo hilohilo: penye kelele, neno hufika salama kwa kuongezewa maneno. Wawili hao walifika mahali pamoja kwa njia zisizofanana hata kidogo.

Zikiandikwa kwa tarakimu zaidi ya nane, namba zaweza kufika 10,239. Kwa hiyo wengi hukipa kichwa namba ileile iliyopakwa rangi ubavuni mwake, na anayetaka kukiita anasoma tu kilichoandikwa.

Simu iliyo mfukoni mwako sokoni Kasongo inaishi kwa desturi hiyohiyo ya kumwita mmoja kati ya wengi. Mnara ukimtafuta mtu, unatangaza, na simu zote zilizo karibu zinasikia tangazo. Inayolia ni iliyotajwa.

Kazi ya kugeuza kichwa cha zamani inaanza bila chipu. Fundi mzuri anakiendesha kwanza kwa umeme wa zamani, volti 12 za kawaida. Anasafisha magurudumu, anatoa grisi iliyoganda ikawa kama gundi, anatazama kaboni za mota kama zimekwisha. Chipu haimponyi mgonjwa. Kichwa kilichokuwa kinakwama kabla ya chipu kitakwama baada yake, na sasa kitakwama kwa gharama.

Halafu anapima ulafi wa mota. Mota za zamani zilikula umeme mwingi, na sumaku zao zimepoteza nguvu kwa umri, jambo linalozidisha ulafi. Anakishika kichwa kisiweze kusogea, anakipa volti 12 kwa muda mfupi sana na kusoma mita. Kipimo cha mota iliyoshikwa ndicho kikubwa kuliko vyote itakavyoweza kudai. Chipu nyingi za kipimo cha moja kwa 87 zimetengenezwa kubeba ampea 1. Mita ikisoma moja na nusu, fundi anatafuta chipu kubwa zaidi au anabadili sumaku kuweka mpya yenye nguvu. Vichwa vya zamani vya Märklin vina jambo lao: mahali pa sumaku pana waya uliozungushwa, na mara nyingi fundi huutoa na kuweka sumaku ya kudumu.

Hatua inayofuata ndiyo inayoua chipu nyingi kuliko nyingine yoyote. Katika vichwa vya zamani, upande mmoja wa mota ulikuwa umegusana na chasisi, na chasisi ilikuwa imegusana na reli. Zamani ilikuwa akili nzuri, waya mmoja umeokolewa. Kwa chipu ni kifo. Chipu inakaa katikati kama mlango: umeme wa reli uingie kwake, yeye ndiye aamue mota ipate nini. Mota ikibaki inagusa chasisi, umeme wa reli unaingia kwa mlango wa nyuma na kukutana uso kwa uso na umeme unaotoka kwenye chipu, na chipu inaungua mara moja. Kwa hiyo mota inatengwa. Fundi anaweka plastiki nyembamba chini yake, anabadili skrubu ya chuma kwa ya nailoni, anakata kibati kilichokuwa kinabeba umeme kutoka kwenye chasisi. Baada ya hapo anachukua mita, anaweka ncha moja kwenye kaboni na nyingine kwenye gurudumu, kulia na kushoto, kaboni zote mbili. Mita ikilia hata mara moja, anarudi kazini. Nimeona mafundi wa redio wakifanya ukaguzi wa namna hiyo kwenye chombo ambacho mwenyewe alikwishakata tamaa nacho, na ninaheshimu sana mkono usio na haraka mahali hapo.

Nyaya zenyewe ni rahisi kwa sababu kanuni ilipanga hata rangi. Nyekundu ni ya reli ya kulia, nyeusi ya kushoto. Rangi ya chungwa na ya kijivu zinakwenda kwenye mota. Nyeupe ni taa ya mbele, njano taa ya nyuma, bluu ndiyo chanya ya taa zote. Kapasita ndogo zilizowekwa zamani ili mota isiharibu matangazo ya redio ya jirani kwa kawaida hutolewa, maana huichanganya chipu. Wapo wanaosema kichwa cha kale kisifunguliwe, kikikatwa kibati kimoja kimepoteza uzee wake. Nawaelewa, lakini siko upande wao. Njia ya Samba yenyewe ilibadilishwa mwaka 1955, kutoka upana wa milimita 1,000 hadi 1,067, na kichwa kilichotaka kuendelea kufanya kazi kilihitaji magurudumu ya upana mpya. Mimi ningekifungua, na kila nilichotoa ningekiweka kwenye bahasha yenye namba ya kichwa hicho.

Chipu ikishapokea amri ya hatua ya 6, inafanyaje mota iende polepole wakati reli zina nguvu kamili? Jibu wanalo nyumbani wote wenye paneli ya jua. Kile kisanduku kidogo kati ya paneli na betri, mara nyingi kimeandikwa herufi PWM. Betri ikikaribia kujaa, kisanduku hakiuminyi umeme uwe mwembamba. Kinafungua na kufunga, kinafungua na kufunga, haraka kuliko jicho linavyoweza kuona, na kadiri betri inavyojaa ndivyo muda wa kufunguka unavyofupishwa. Chipu ya treni inaifanyia mota hivyohivyo. Fikiria mwendesha baiskeli mwenye mzigo wa mchele: anakanyaga kwa nguvu kidogo, anaachia, anakanyaga tena. Baiskeli haisimami katikati ya mkanyago na mkanyago, inaendelea kwa uzito wake. Mikanyago mifupi, mwendo mdogo. Mikanyago mirefu, mwendo mkubwa. Faida yake ni kwamba kila mkanyago una nguvu kamili, kwa hiyo kichwa cha zamani, ambacho kwa umeme mdogo kilikuwa kikikataa kuondoka kisha kikaruka ghafla kama mbuzi, sasa kinaondoka taratibu kama treni ya tani mia.

Na katika ule muda wa kuachia kuna elimu nyingine. Mota inayozunguka bila kupewa umeme inageuka kuwa dinamo, kama ile inayosugua gurudumu la baiskeli na kuwasha taa. Michael Faraday alilionyesha jambo hilo mwaka 1831: zungusha waya mbele ya sumaku, umeme unazaliwa. Basi chipu inapoachia, inasikiliza kidogo umeme ambao mota inazaa yenyewe. Ukiwa mdogo kuliko inavyotakiwa, kichwa kinapanda kilima au kimevuta mabehewa mengi, na chipu inarefusha mkanyago unaofuata. Ukiwa mkubwa, kinateremka, na mkanyago unafupishwa. Hakuna aliyeongeza kipima mwendo. Mota ileile inayobeba kazi ndiyo inayoulizwa, kila baada ya muda mfupi, inajisikiaje.

Kabla kichwa hakijapelekwa kwenye meza kubwa, kinawekwa peke yake kwenye kipande cha reli ambacho umeme wake umepunguzwa makusudi, ili palipo na kosa pasiungue kitu. Hapo ndipo kinapopewa jina lake. Kisanduku kinaandika namba mpya katika kumbukumbu ya chipu, na namba hiyo haifutiki hata umeme ukikatika mwaka mzima. Lakini kisanduku kitajuaje kama imeandikwa? Reli zimebeba maneno kwenda upande mmoja tu tangu mwanzo, na katika kanuni ya awali kichwa hakikupewa mdomo. Waliobuni kanuni waliona kwamba kichwa kina kitu kimoja kinachoweza kukifanya: kula umeme. Chipu ikielewa, inaiwasha mota yake kwa muda mfupi mno, sehemu 6 kati ya 1,000 za sekunde, na kula angalau miliampea 60 zaidi ya kawaida. Kisanduku kinahisi mvuto huo kama Mgenya aliyeshika kamba ya ndoano juu ya Lualaba anavyohisi samaki asiyemwona. Fundi aliyeinama juu ya meza anakiona kwa macho: kichwa kilichokaa kabatini miaka 40 kinashtuka kidogo mahali pake, kinatulia, na kwenye kioo cha kisanduku namba yake inatokea.